Hivi ile habari iliishaje?

Leo nimeamka saa kumi na nusu alfajiri kama kawaida yangu, hakuna aliyeniamsha na hakuna mahali nnapowahi. Nimestaafu tangu 2020 lakini mwili haujapata nakala ya barua, yenyewe ikifika saa hiyo inaamka, inakaa kitandani, inatafuta viatu kwa miguu gizani. Nikafungua mlango wa chumbani ukalia ule mlio wake mrefu, mama watoto akageukia ukutani akasema bila kufungua macho, "mlango," nikamjibu "najua," na hiyo ndo salamu yetu ya asubuhi siku hizi.

Alafu nikakaa sebuleni na simu. Hapo ndo ugonjwa wenyewe ulipo.

Kwa wale ambao hawajastaafu ngoja niwaeleze kitu hamtaambiwa kwenye semina za maandalizi ya kustaafu, zile wanakofundisha habari za kiinua mgongo na miradi na kupima presha. Hawasemi kwamba tatizo la kwanza ni asubuhi. Mtu umekaa miaka 33 unajua saa mbili kamili unatakiwa uwe umekaa kwenye kiti fulani, ghafla kiti hakipo, saa mbili inafika inakukuta umesimama katikati ya nyumba yako kama mgeni aliyekuja kumuulizia mtu. Mimi niliondoka kazini mwaka ule ule dunia nzima imejifungia ndani kwa ajili ya korona, hata kuagwa niliagwa kwa simu, sura za wenzangu kwenye vidirisha vidogo, nusu yao sauti hazisikiki, bosi anaongea maneno mazuri juu yangu na huku kajizima maiki. Nilipiga makofi nikiwa nimekaa peke yangu. Nikafunga kompyuta, basi, nikawa mstaafu.

Lile pengo la saa mbili nililijaza na habari. Redio inaongea, televisheni imewashwa imenyamazishwa maandishi yanapita chini, na simu mkononi naperuzi. Mwanzoni ilikuwa korona, kila siku namba, na mimi ni mtu wa namba. Korona ilipopoa nikahamia kwenye kila kitu. Mwaka 2022 Uingereza walipokuwa na mawaziri wakuu watatu ndani ya mwaka mmoja, Johnson katoka, Truss kaingia akatoka hata siku 50 hazijatimia, Sunak kaingia, mimi nilikuwa nawafuatilia kama vile ndo ninaowalipa mishahara. Namwambia mama watoto, huyu mama hatafika mwezi ujao. Ananiuliza, kwani ukoo wetu?

Na cha ajabu nilikuwa nachoka. Jioni nimechoka kuliko nilivyokuwa nachoka kazini, kichwa kizito, na ukiniuliza leo umefanya nini siwezi kukutajia kitu. Nimejua vitu 100 na hakuna hata kimoja nilichojua kimefika wapi.

Kilichonistua ni mjukuu. Alikuja kukaa na sisi likizo, ni wale watoto wa maswali, na siku moja nimekodolea simu akaniuliza, "Babu, ile meli ilitoka?" Nikamuuliza meli gani. "Ile kubwa iliyokwama, ulinionyesha nikiwa mdogo." Alikuwa anasema ile Ever Given, iliyokaa mshazari kwenye mfereji wa Suez Machi 2021, meli ya urefu wa mita 400, na picha ya kikatapila kidogo pembeni yake kinachimba mchanga kama mtu anayetaka kuhamisha nyumba na kijiko. Nikamwambia ilitoka, walikwamua baada ya siku sita. Akasema, "Alafu ikaenda wapi?"

Alafu ikaenda wapi. Nikafungua mdomo nikaufunga. Sijui. Mimi niliyeifuatilia ile meli saa 24, nikijua upepo ulikuwaje siku ile na boti za kuvuta meli zilivyokuwa zinavuta, mara tu ilipokwamuka tarehe 29 Machi na mimi nikaiacha, kwa sababu habari ya hivi punde ilikuwa imeshakuwa nyingine.

Basi tukakaa na mjukuu tukaanza kutafuta. Kumbe meli haikwenda popote! Ilivutwa mpaka kwenye lile ziwa lililo katikati ya mfereji, ikashikiliwa hapo kwa amri ya mahakama ya Misri, mamlaka ya mfereji inadai fidia, mwanzo zaidi ya dola milioni 900, baadaye wakashuka, wanavutana na wenye meli na wenye bima, na muda wote huo mabaharia, Wahindi 25, wengi wao wamo humo humo melini, na makontena kama 18,000 ya mali za watu wengine kabisa yamekaa juani. Iliachiwa tarehe 7 Julai. Hesabu mwenyewe, kukwama siku sita, kuzuiliwa zaidi ya miezi mitatu. Dunia nzima ilitazama zile siku sita. Ile miezi mitatu nani aliitazama? Mabaharia na mawakili wao.

Mjukuu aliridhika akaenda kucheza. Mimi usiku sikulala vizuri.

Sasa hapa nieleze kidogo kuhusu kazi yangu maana ndo chanzo cha yote. Nilikuwa mhasibu. Mhasibu ana ugonjwa mmoja ambao hauponi, hawezi kuona hesabu iliyoachwa wazi akatulia. Ukitoa masurufu, yaani hela ya kazi, kwa mtu akaenda safari, lazima arudi na risiti, asipoleta jina lake linabaki kwenye daftari mwezi huu, na ujao, na unamfuata hata kama ni mkubwa wako, unamwambia kwa heshima zote mzee ile safari ya Machi bado inakusubiri. Nimewafuata watu miaka 33 mimi. Watu walikuwa wananiona korido wanageuza njia. Kumbe nyumbani kwangu nilikuwa naishi na maelfu ya masurufu ambayo hayajarejeshwa! Kila kichwa cha habari ni mtu kachukua muda wangu na akili yangu na hofu yangu akaenda navyo, na simfuati.

Asubuhi yake nikachukua daftari gumu, lile la mistari myekundu lililobaki kwenye mafaili yangu ya kazini (nililinunua mwenyewe, msinifikirie vibaya), nikachora safu nne. Tarehe. Nani kasema nini kitatokea. Lini niangalie tena. Imeishaje. Ukurasa wa kwanza ni Ever Given, umefungwa, nimepiga mistari miwili chini kama hesabu iliyokamilika, na niwaambie ukweli, ile mistari miwili ilinipa raha ambayo sikuwa nimeipata tangu niagwe kwenye kidirisha.

Sheria za daftari sio nyingi. Siandiki habari ambayo haina ahadi wala swali ndani yake. Mtu maarufu kagombana na mtu maarufu, hiyo haiingii. Kiongozi kasema "tutafanya" bila kutaja lini, hiyo nilikuwa naiingiza mwanzoni nikaacha, maana kurasa zilijaa na hakuna tarehe ya kurudia, siku hizi nazihesabu tu kwa vijiti nyuma ya jalada, vimeshakuwa kama ukuti wa mnazi. Na siangalii kabla ya tarehe niliyoandika. Hii ya mwisho ndo ngumu kuliko zote, ni kama kuacha sigara, mkono unaenda wenyewe.

Ngoja niwape mfano wa ukurasa ninaoupenda. Kanisa la Notre-Dame la Paris liliungua tarehe 15 Aprili 2019, nadhani wengi mnakumbuka ule mnara mwembamba ulivyoanguka huku watu wamesimama barabarani wanaimba. Kesho yake rais Macron akasema litajengwa ndani ya miaka mitano. Wakati ule nilikuwa bado kazini na ofisi nzima tulibishana, mafundi wetu wa ofisini (kila ofisi ina mtu ambaye hajawahi kushika nyundo ila anajua ujenzi) wakasema haiwezekani, mbao za dari lile ni za mialoni ya karne ya 13, watazipata wapi. Nilipoanzisha daftari nikarudi nyuma nikaiingiza ile ahadi, tarehe ya kuangalia 16 Aprili 2024. Siku ilipofika nikafungua, bado. Nikaandika kwa kalamu nyekundu, imechelewa. Lilifunguliwa tarehe 7 Desemba 2024. Kachelewa kama miezi minane hivi, na katikati pana korona iliyofunga kazi, na kabla yake kazi ilishasimamishwa kwa ajili ya vumbi la madini ya risasi lililotokana na paa kuyeyuka. Mimi kama mkaguzi hayo maelezo nimeyapokea. Mistari miwili chini. Nakwambia nilipoona picha za ndani, lile jiwe limekuwa jeupe kama limekatwa jana, machozi yalinitoka, na mimi hata sio mtu wa Paris na wala sijawahi kufika. Nililia kwa sababu mtu alisema miaka mitano na mimi nikasubiri pamoja naye.

Kuna ukurasa mwingine hauna raha hata kidogo lakini nitauandika maana nisipousema huu nitakuwa najisifu tu.

Grupu letu la wastaafu wa ofisi, siku moja saa nane usiku, usingizi umekata, ikaingia sauti ya mtu analia kwamba msanii fulani mkubwa amefariki. Sauti ya huzuni, ina majina ya ndugu, ina jina la hospitali, mwisho inasema sambazeni jamani. Na mimi nikasambaza. Kwa nani? Kwa kila mtu! Kwa watoto, kwa majirani, kwa grupu la ukoo, na nikaweka na maneno yangu mwenyewe juu yake, kwamba tumepoteza nguzo. Saa sita mchana yule nguzo yuko kwenye televisheni amevaa vizuri anazungumzia kazi yake mpya. Binti yangu akanipigia, "Baba, umemuua mtu aliye hai." Anacheka, lakini mimi sikucheka. Mhasibu mzima nimepitisha malipo bila vocha, bila saini, kwa sababu tu mwombaji alikuwa analia. Kazini kijana wangu angefanya hivyo ningemwandikia barua.

Nilirudi kwa kila niliyemtumia nikaomba radhi, mmoja mmoja, ilinichukua siku mbili. Wengi wakanijibu "usijali mzee" na kikatuni kinacheka. Wawili tayari walikuwa wameshapeleka mbele na waliowapelekea wakapeleka mbele, hiyo hairudi tena. Ukurasa ule umeandikwa jina langu na siufungi. Na siku hizi hata sauti sio ushahidi, vijana wananiambia kompyuta inachukua dakika chache za sauti yako inaongea chochote wanachotaka, kwahiyo mtu akikupigia kwa sauti ya mwanao analia anataka hela ya haraka, kata simu, mpigie wewe mwenyewe kwenye namba unayoijua. Mimi na watoto wangu tumekubaliana neno, mtu wa kwetu akiomba hela kwa simu lazima alitaje. Juzi mwanangu wa pili alilisahau kweli kweli, nikamnyima.

Hilo grupu la wastaafu tulianza watu 31. Namba za walioondoka hatuzifuti. Ukitaka kuandika "habari za asubuhi wote" unaona orodha ya majina, unajua kabisa watano hawatasoma.

Tuje kwenye habari zinazotuhusu sisi wenyewe, umri wa kustaafu. Hii kurasa zake ni nyingi mpaka nimeziwekea alama ya karatasi. Ufaransa mwaka 2023 walipandisha kutoka 62 kwenda 64, watu wakajaa barabarani wiki kwa wiki, takataka zikarundikana Paris mpaka usawa wa kifua, sheria ikapita bila bunge kupiga kura ya mwisho. Ungefuatilia mpaka hapo ungesema imekwisha, wananchi wameshindwa. Mimi niliiacha wazi. Mwaka 2025 serikali nyingine, waziri mkuu mwingine, wakatangaza kuisimamisha mpaka baada ya uchaguzi wa rais wa 2027. Kwahiyo ukurasa una tarehe mpya. Denmark wao mwaka huo huo 2025 bunge likapitisha 70 ifikapo 2040, na wala hakukuwa na moto mkubwa. China wameanza Januari 2025 kupandisha polepole, wanaume kutoka 60 kwenda 63, kwa miaka 15, miezi michache michache ili usisikie maumivu, kama mtu anayetoa plasta kwa huruma.

Vijana wanabishana mitandaoni kuhusu hili kama vile ni jipya. Pensheni ya uzee ya serikali ilianza Ujerumani mwaka 1889, chini ya kansela wao Bismarck, na umri uliowekwa ulikuwa 70, yeye mwenyewe alishapita huo, ana 74 na bado yuko ofisini! Ilishushwa kuwa 65 mwaka 1916, yeye keshakufa zamani. Wakati ule watu wengi hawakufika 70, kwahiyo serikali ilikuwa inaahidi kitu ambacho wachache wangekuja kukidai, na mimi kama mhasibu lazima nikubali ilikuwa ni bajeti iliyopangwa vizuri sana. Siku hizi tunafika, tena wengi, na tunadai, ndo maana kelele zote hizi.

Nikiulizwa msimamo wangu, mimi naona wanaopanga wanahesabu miaka tu hawahesabu mwili. Mimi niliyekaa kwenye kiti ningeweza kufanya mpaka 70, macho tu ndo yangenisumbua. Mbeba mizigo je? Nesi aliyegeuza wagonjwa usiku miaka 30? Migongo yao haina 64 wala 62, ina namba zake. Basi, nisiende mbali, hasira zinapandisha presha na daktari kanikataza.

Kurasa ambazo zinaniumiza ni zile za watu kupotea. Ile ndege ya Malaysia, MH370, tarehe 8 Machi 2014, watu 239, imetoka Kuala Lumpur inakwenda Beijing. Vipande vyake viliokotwa Réunion, vingine pwani ya Msumbiji, kingine Pemba, na utafutaji rasmi baharini ulisimamishwa Januari 2017, kampuni binafsi ikaja kujaribu baadaye nayo haikuipata. Kila tarehe 8 Machi nafungua ule ukurasa, naandika "bado", nafunga. Dakika moja tu. Sina ninachowasaidia wale ndugu na hawanijui, ila naona kama kuna watu 239 ambao dunia iliwasoma kwenye simu ikapita, angalau mtu mmoja huku amekaa na daftari anaandika "bado".

Kuna siku mama watoto aliniambia hiyo ni kazi ya mtu asiye na kazi. Nikamwambia ndio, ndo mimi.

Lakini kuna mstaafu mmoja ambaye ukurasa wake nausoma nikijisikia mvivu. Jimmy Carter. Alitoka Ikulu ya Marekani Januari 1981 akiwa na miaka 56, kashindwa uchaguzi vibaya, mtu ambaye angeweza kabisa kukaa barazani akalaumu watu mpaka afe. Yeye na mkewe wakaanzisha taasisi yao mwaka 1982, na kuanzia 1986 wakang'ang'ania ugonjwa mmoja ambao hakuna mkubwa aliyekuwa anaujali, mnyoo wa Guinea. Unaujua? Mtu anakunywa maji ya bwawa yenye viluwiluwi vidogo, baada ya kama mwaka mnyoo wa karibu mita moja unatoka mguuni taratibu, unauzungusha kwenye kijiti siku kwa siku, maumivu kama ya moto. Hauna dawa wala chanjo. Mwaka 1986 walikadiria watu milioni tatu na nusu kwa mwaka, nchi 21. Na silaha yao kubwa ilikuwa kitambaa cha kuchujia maji na kumwelimisha mtu asiingie bwawani na kidonda. Kijiji kwa kijiji, Afrika na Asia, miaka na miaka, kitu ambacho hakiwezi kuwa habari ya hivi punde hata siku moja, maana utasema nini? "Habari za hivi punde, leo tena watu wamechuja maji."

Mwaka 2015, akiwa ameshaambiwa ana saratani, alisema angependa mnyoo wa mwisho ufe kabla yake. Nilipoanzisha daftari nikarudi nyuma nikaiandika hiyo. Nikawa naangalia mara moja kwa mwaka. Mwaka 2023 wagonjwa 14, dunia nzima. Mwaka 2024 wagonjwa 15. Na yeye akafariki tarehe 29 Desemba 2024, ana miaka 100. Mnyoo ukamshinda kwa watu 15. Na kikwazo kikubwa kumbe ni mbwa, iligundulika hasa kule Chad kwamba mbwa nao wanaubeba, kwahiyo hata ukimaliza kwa watu unarudi kwa mlango wa nyuma.

Nilikaa na ule ukurasa siku nzima sijui niupige mistari miwili au la. Mtu kaishi miaka 43 baada ya kutoka madarakani na sehemu kubwa ya jasho lake ameliweka kwenye kitu cha polepole namna hiyo. Mwishowe nikaandika "mdaiwa amefariki, deni limebaki 15, linaendelea kulipwa na wengine." Kihasibu haiko sawa hata kidogo. Nimeiacha hivyo hivyo.

Kurasa za mbele kabisa ndo za ajabu maana tarehe zake zinanipita mimi. Tundu la ozoni, lile tabaka la juu angani linalotukinga na miale mikali ya jua, wanasayansi wa Uingereza walilitangaza 1985, mkataba wa Montreal ukasainiwa 1987, zile gesi za majokofu na makopo ya kupulizia zikapigwa marufuku, na nchi zote duniani zimeingia kwenye mkataba ule, zote kabisa, nitajie kitu kingine ambacho nchi zote zimekubaliana. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya Januari 2023 ilisema juu ya Antaktika hali itarudi kama ya 1980 karibu mwaka 2066. Nikaandika safu ya tatu, "angalia 2066," nikaitazama ile namba. Nikamwita mjukuu nikamwambia huu ni wako. Akahesabu kwa vidole atakuwa na miaka mingapi, akasema, "Nitakuwa mzee kama wewe!" Tena kwa furaha, kama nimemuahidi zawadi.

Na chombo cha anga cha Voyager 1, kiliondoka duniani Septemba 1977, mimi nikiwa nafundishwa kujumlisha, na bado kinapiga simu nyumbani. Novemba 2023 kilianza kutuma upuuzi, data hazisomeki, kama mzee anayeongea usingizini. Nilijua hiyo basi. Wahandisi wakagundua ni kachipu kamoja ka kumbukumbu kamekufa, na kompyuta yenyewe ni ya miaka ya 70, kumbukumbu yake haitoshi hata picha moja ya simu yangu. Wakahamisha maelekezo yaliyokuwa kwenye kile kipande wakayapanga mahali pengine, wakatuma, wakasubiri. Ujumbe unakwenda saa 22 na nusu, jibu linarudi saa 22 na nusu. Aprili 2024 kikarudi kuongea vizuri. Mimi nikituma ujumbe kwa mwanangu na asipojibu kwa saa mbili naanza kupiga simu kwa majirani zake! Sasa wataalamu wamepiga hesabu kwamba Novemba 2026 kitafika umbali ambao mwanga unatumia siku nzima, ukikisalimia leo saa tatu, salamu inafika kesho saa tatu, jibu keshokutwa saa tatu. Hiyo tarehe nimeizungushia duara.

Nilikuwa naandika haya asubuhi nikafungua daftari kutafuta ile tarehe ya ripoti ya ozoni, nikakuta katikati kuna ukurasa ambao mwandiko sio wangu. Mwandiko wa mama watoto, ule wa kulala upande. Safu zote kajaza, tena kwa utaratibu kabisa.

Tarehe, wiki ya kwanza ya kustaafu. Nani kasema nini, Baba kasema atapaka mafuta bawaba za mlango wa chumbani. Lini niangalie tena, kaandika kesho, kakata, kaandika wiki ijayo, kakata, kaandika baada ya korona, kakata, kaandika 2066.

Safu ya nne iko wazi. Nimemsikia sasa hivi anatoka chumbani, mlango umelia, hajasema kitu, anapita zake. Kopo la mafuta nadhani liko stoo nyuma ya yale mafaili, kama halijakauka.